Waraka wa wazi kwa Bodi ya Hazina ya Usawazishaji: maabara nayo ni huduma ya msingi

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Ushauri ya Hazina ya Usawazishaji,
Nairobi.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

MINTARAFU: RUZUKU YA ELIMU YA SAYANSI NA UHANDISI KWA WATOTO WA JAMII ZILIZOACHWA NYUMA

Sisi wa gazeti hili tunakuandikia wewe pamoja na wenzako katika Bodi, huku tukijua kwamba barua hii itasomwa pia na wazazi wa Garsen, walimu wa Lodwar na wanafunzi wa Kinango, ambao nauli ya kuja kubisha mlango wa ofisi yako hawana. Hatukukusudia kukutwika lawama za miaka iliyopita. Tuna ombi moja kubwa, na mengine yote yanatokana na hilo: Hazina itenge ruzuku inayojulikana kwa jina na kwa kiasi, kwa ajili ya masomo ya sayansi katika shule za sekondari za maeneo mnayoyahudumia, na iitenge kabla muda wa Hazina yenyewe haujakwisha.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayokupa kiti. Ibara ya 204 ya Katiba iliunda Hazina hii, ikaipa nusu asilimia ya mapato yote ya serikali ya kitaifa kila mwaka, na ikaagiza pesa hizo zipeleke huduma za msingi katika maeneo yaliyotengwa, zikiwemo maji, barabara, afya na umeme, mpaka wakazi wake wawe sawa na Wakenya wengine. Huenda mtu akasema kwamba shule hazikutajwa. Ibara ya 259 imeshalimaliza hilo: orodha za namna hiyo ndani ya Katiba hazifungii nje yale yasiyotajwa. Ibara ya 56 nayo inaitaka serikali iweke mipango maalumu ya kuzipa jamii za walio wachache na zilizotengwa nafasi katika elimu na uchumi. Kwa hivyo tunauliza: msimamo wa Bodi ni upi? Maabara ya shule ni huduma ya msingi, au siyo? Tunaomba jibu kwa maandishi, ndiyo au la.

Tunasisitiza sayansi na uhandisi, badala ya elimu kwa jumla, kwa sababu ya yale yanayotendeka katika ardhi ya watu hao. Loiyangalani, katika Kaunti ya Marsabit, imesimama mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo, yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019. Lamu, gati ya kwanza ya bandari mpya ilianza kazi Mei 2021. Turkana, mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012. Kwale, shehena ya kwanza ya madini ya titani ilisafirishwa mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Kaunti zote nne zilikuwa miongoni mwa 14 ambazo Tume ya Ugavi wa Mapato ilizitambua mwaka 2013 kuwa zimeachwa nyuma kuliko nyingine. Na katika kila mradi malalamiko ya wenyeji yamekuwa yaleyale: kazi ya ulinzi na ya kibarua hupatikana kijijini, kazi ya kusoma michoro na kuendesha mitambo huja na wageni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja na mashine zake. Mwenyeji angali analinda lango.

Wakiulizwa, wenye kampuni hujibu kwamba vijana wenye vyeti vinavyohitajika hawapatikani huko. Jibu hilo linauma kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mtoto wa Kwale aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule shehena ya kwanza iliondoka alikuwa amefika kidato cha tatu mgodi ulipofungwa. Muda wa kumwandaa ulikuwepo, na madini yaliyokuwa yakipakiwa melini yalikuwa ya kwao. Tunaomba Bodi itueleze: katika kaunti hizi nne, ni shule ngapi zilizosaidiwa na Hazina kupata maabara tangu Hazina ianze kutoa pesa? Zitajwe kwa majina, ili wazazi wakajionee.

Pengine mtu aliye mbali na darasa huona maabara kama anasa, kitu cha kuongezwa baada ya madawati na vyoo. Tumwonyeshe kazi yake. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya tatu ya kemia ni ya vitendo, na ina alama 40 kati ya 200. Fizikia ni vivyo hivyo. Mtahiniwa huwekewa mbele yake bureti, pipeti, tindikali, na mmumunyo wa besi uliotiwa rangi ya kupimia. Hufungua kilango cha bureti kidogo kidogo, jicho likiwa kwenye chupa, mpaka ile rangi ya waridi itoweke kwa tone moja. Tone la pili likiponyoka, kipimo kimeharibika. Husoma, huandika, hurudia, mpaka vipimo vyake vikaribiane. Stadi hii haikaririwi usiku wa kuamkia mtihani. Ni mkono unaoizoea, kwa kufanya tena na tena tangu kidato cha kwanza.

Sasa chukua shule ya kutwa katika maeneo tunayoyazungumzia. Kinachoitwa maabara ni darasa la kawaida lenye sinki ambayo bomba lake halijawahi kutoa maji. Maji huchotwa kwa mitungi. Gesi ikiisha, jaribio linachorwa ubaoni. Kemikali hununuliwa mara moja kwa mwaka, pale orodha ya siri ya vifaa inapowasili kabla ya mtihani wa taifa. Bureti ni chache, kwa hivyo watahiniwa huingia kwa zamu: kundi moja likifanya mtihani, jingine limefungiwa chumba cha pili na msimamizi ili wasikutane wakapeana majibu. Kuna mtahiniwa ambaye siku hiyo ndiyo ya kwanza kushika bureti kwa mkono wake mwenyewe. Anayesahihisha karatasi haulizi alikotoka. Alama zikipungua hapo, daraja la kemia linashuka, na mlango wa shahada ya uhandisi unafungwa kabla hajajua kama alikuwa na kipaji.

Ndiyo maana tunaomba ruzuku isiishie kwenye jengo. Jengo lina utepe wa kukatwa na bamba la jina la mheshimiwa aliyelifungua. Chupa ya tindikali haina. Shule inahitaji maji yanayofika kwenye sinki, umeme, gesi, kemikali za kutosha mwaka mzima, na msaidizi wa maabara anayelipwa mshahara. Je, Bodi iko tayari kuweka kiwango cha chini cha vifaa, na kukipa fungu la kila mwaka badala ya malipo ya mara moja?

Jambo hili lina haraka mpya. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, mwanzo wa sekondari pevu. Wizara ya Elimu imeweka lengo kwamba asilimia 60 yao wafuate mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, yaani STEM. Hata shule zenye mikondo miwili tu zinatakiwa kutoa STEM pamoja na Sayansi za Jamii. Kwenye karatasi, basi, msichana wa Wajir ana chaguo sawa na mwenzake wa Nairobi. Lakini ikiwa wazazi wake hawana karo ya bweni la mbali, atakwenda shule iliyo karibu, na kitakachomchagulia mkondo si akili yake wala ndoto yake. Ni kile kilichomo, au kisichokuwemo, katika chumba cha maabara. Tunaomba Bodi iketi na Wizara, kisha ichapishe orodha ya shule za sekondari pevu katika maeneo yaliyotengwa, ikionyesha ipi ina maabara inayofanya kazi na ipi haina. Orodha hiyo itoke kabla bajeti ijayo haijasomwa.

Maabara bila mwalimu ni stoo. Na hapa, Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna mzunguko ambao pesa za kawaida za Wizara hazijaweza kuukata. Ili kufundisha sekondari, Tume ya Huduma za Walimu humtaka mtu awe alipata C+ katika KCSE kwa jumla, na C+ katika kila somo kati ya mawili atakayofundisha. Shule isiyotoa C+ za fizikia haitatoa mwalimu wa fizikia. Na isipokuwa na mwalimu wa fizikia, haitatoa C+. Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa na walimu waliotoka kaunti nyingine. Kisha, Novemba 2014, magaidi wa al-Shabaab walisimamisha basi karibu na mji wa Mandera wakaua abiria 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo makwao. Januari 2020 walimu wengine waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na Tume ikawahamisha walimu wasio wenyeji. Mwalimu aliyeondoka hatumlaumu, wala Tume iliyomwokoa maisha. Waliobaki ni wanafunzi, pamoja na walimu wanaoajiriwa na bodi za shule kwa michango ya wazazi, ambao mara nyingi ni vijana waliomaliza kidato cha nne juzi.

Ombi letu hapa ni hili: sehemu ya ruzuku isomeshe walimu wa sayansi walio wenyeji. Kijana wa Tana River au Samburu aliyepata alama zinazotosha alipiwe karo yote na malazi katika vyuo vilivyo karibu na kwao, kama Chuo Kikuu cha Pwani, Chuo Kikuu cha Garissa au chuo kikuu kishiriki cha Turkana, kwa mkataba kwamba akihitimu atafundisha nyumbani kwa miaka kadhaa. Pale ambapo kozi za ualimu wa sayansi hazitolewi, ruzuku isaidie kuzianzisha. Je, Bodi inaona kizuizi gani cha kisheria au cha kifedha katika mpango kama huo?

Kuna walio wachache ndani ya walio wachache, na hao ndio wanaosahauliwa kwa urahisi zaidi. Pesa zikifika kaunti, jamii kubwa ya kaunti hiyo huwa na madiwani, wabunge na sauti. Waaweer wa msitu wa Boni, Waata, Waelmolo wa ukingo wa Ziwa Turkana na Waogiek hawana wingi wa kura wa kuwafanya wasikilizwe. Waogiek walilazimika kwenda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu mjini Arusha, wakashinda mwaka 2017, na mwaka 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia. Katika wadi ya Basuba, Kaunti ya Lamu, wanakoishi Waaweer, shule zilifungwa kwa muda mrefu kwa sababu ya mashambulizi. Wamakonde nao hawakutambuliwa kuwa Wakenya mpaka mwaka 2016. Kabla ya hapo, bila kitambulisho, mtoto wao hakuwa na njia ya kuomba mkopo wa chuo kikuu hata akifaulu.

Tunaipongeza Tume ya Ugavi wa Mapato kwa kuwa sera yake ya pili ya mwaka 2018 iliacha kuangalia kaunti nzima nzima, ikashuka hadi ngazi ya chini na kutambua maeneo 1,424 katika kaunti 34. Hiyo ni hatua ya maana. Lakini eneo si jamii. Kijiji kinaweza kupata bomba la maji huku watoto wa kabila dogo lililo pembezoni mwake wakiwa bado hawajafika sekondari. Tunaomba taarifa za ruzuku ya elimu zionyeshe wanafunzi walionufaika kwa jamii na kwa jinsia, bila kuanika jina la mtoto yeyote. Bila hesabu hiyo, Bodi yenyewe itajuaje kwamba imemfikia yule ambaye Katiba ilimkusudia?

Sasa tuje kwenye pesa. Nusu asilimia hupigwa juu ya hesabu za mapato zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa, na hesabu hizo huchelewa kwa miaka. Kwa hivyo mgao wa leo hutokana na mapato ya jana, yaliyokuwa madogo zaidi. Juu ya hayo, ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimeonyesha mara kwa mara kwamba kinachotengwa kwa Hazina hakitolewi chote. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilibatilisha mwongozo wa awali wa kuendesha Hazina, na kanuni mpya zikaja mwaka 2021. Miaka hiyo haikusimama kumsubiri mwanafunzi. Tunaomba Bodi ichapishe jedwali moja lisilo na mafumbo: kilichopaswa kutolewa tangu 2010, kilichotolewa, na kinachodaiwa.

Tunajua pia ugumu wa mamlaka. Katiba inaruhusu Hazina itumike na serikali ya kitaifa moja kwa moja, au kwa ruzuku zenye masharti zinazopitia kaunti. Lakini shule za sekondari ni jukumu la serikali ya kitaifa, na gavana akiombwa maabara anaweza kukuelekeza Wizarani, nayo Wizara ikakurudisha kwa gavana. Mzazi wa Loima, Turkana, hana muda wa safari hiyo. Tunaomba Bodi iamue njia moja, iitangaze, na imtaje afisa atakayewajibika.

Tena saa inakwenda. Katiba ilianza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, na Hazina ina uhai wa miaka 20. Mwanafunzi aliyeingia Gredi ya 10 mwaka huu atamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Akipata nafasi ya kusomea uhandisi, Hazina itafikia kikomo Agosti 2030 angali chuoni. Bunge linaweza kuongeza muda, lakini ni kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa na zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Kura kama hizo hazipatikani kwa wiki moja. Je, Bodi imeshaanza kulizungumza na Bunge? Na ikiwa bado, inasubiri nini?

Wapo waliotutangulia katika kazi hii, na tunaweza kujifunza kwao. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, nchini Marekani, kilianzisha mpango wa Meyerhoff wa kuwakuza Wamarekani weusi katika sayansi na uhandisi. Hawakuishia kulipa karo. Wanafunzi huingia chuoni kiangazi kabla ya mwaka wa kwanza kuanza, husoma kwa makundi, na huwekwa mapema katika maabara za utafiti chini ya maprofesa. Kizzmekia Corbett, aliyekuwa miongoni mwa wanasayansi walioongoza utafiti uliozaa chanjo ya Moderna ya COVID-19, alipita humo. Mwaka 1991 Wakfu wa Kitaifa wa Sayansi wa nchi hiyo ukaanza kutoa ruzuku kwa miungano ya vyuo, badala ya chuo kimoja kimoja, katika mpango uliopewa jina la mbunge Louis Stokes. Funzo la kwanza ni kwamba anayetaka kumtoa mhandisi katika jamii ndogo humsindikiza, hamwachi na hundi mkononi. Vyuo vyetu vya Pwani, Garissa na Turkana vingeweza kufanya hivyo kwa kushirikiana.

Funzo la pili ni chungu zaidi. Aprili 2025 wakfu huohuo ulianza kuvunja ruzuku nyingi zilizolenga kupanua ushiriki wa jamii za walio wachache, kwa maelezo kwamba hazilingani tena na vipaumbele vyake. Kilichotolewa kwa sera kiliondolewa kwa sera. Sisi Wakenya tumebahatika kuwa na ruzuku iliyoandikwa ndani ya Katiba, ambayo waziri hawezi kuifuta kwa waraka. Itakuwa aibu ikiwa sisi, ambao hatukunyang'anywa, tutaiacha ife bila kuitumia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaomba jibu lako ndani ya siku 60, na tunaahidi kulichapisha lote bila kulipunguza. Ukisema pesa hazipo, tuandikie ni kiasi gani hakijatolewa na ni ofisi gani inakishikilia, ili swali letu lihamie huko. Ukisema sheria hairuhusu, tutajie kifungu, na mawakili watakisoma pamoja nasi. Ukisema inawezekana, tutajie shule ya kwanza, na mwezi ambao fundi ataanza kuvuta bomba la maji hadi kwenye sinki yake.

Wako katika kulijenga taifa,

Mhariri

Nakala kwa:
Wizara ya Elimu
Tume ya Ugavi wa Mapato
Tume ya Huduma za Walimu
Spika wa Seneti